Mikwaruzo ya Tundu la Chaji

Simu ikitua mezani kwangu, kabla sijaiwasha naigeuza nitazame tundu la chaji. Ni mazoea ya miaka. Hapo ndipo mwenye simu anapopagusa kila siku bila kupaangalia, kwa hiyo hapo pana habari nyingi. Kuna tundu lililoshindiliwa vumbi la nguo mpaka pini hazionekani. Simu hiyo inalala mfukoni mwa suruali. Kuna lenye ukoga wa kijani. Limekunywa jasho au maji ya chumvi. Mara moja nilichokoa unga wa ngano uliokauka kama saruji, na mama aliyeileta simu ile alikuwa muuza chapati. Na kuna lile tundu ambalo bati lake limekwaruzwa ukingoni pande zote, mikwaruzo mifupi, myembamba, mmoja juu ya mwingine, kama mtu alikuwa akilitafuta gizani kwa ncha ya sindano.

Hili la mwisho ndilo lililonifanya nipende tamthilia moja kuliko zote nilizowahi kuona. Ndilo pia lililonifanya nimuumize mtu ambaye hakunikosea chochote.

Nilianza ufundi simu Kariakoo mwaka 2011. Tamthilia ya Sherlock ya BBC ilianza kuonyeshwa Uingereza Julai 2010, lakini kwangu ilifika 2013, kwenye flashi. Jirani yangu wa fremu ya pili kazi yake ilikuwa kuwaingizia watu muvi, na jioni moja wakati tunafunga alinijia akasema, "Fundi, hii chukua. Kuna jamaa humu anasoma simu kama wewe."

Nilikwenda nayo nyumbani. Sherlock, mpelelezi wa London anayeigizwa na Benedict Cumberbatch, na daktari John Watson, anayeigizwa na Martin Freeman, wamo ndani ya teksi usiku, wanaelekea mahali alipokutwa mwanamke amekufa. Wamejuana jana yake tu, kwenye maabara ya hospitali ya St Bartholomew's, na katika kujuana huko John alimwazima Sherlock simu yake atume ujumbe. Sasa anataka kujua ilikuwaje mtu huyu akayajua mambo yake ya ndani. Sherlock anaeleza bila kupumua. Simu ni ya bei kubwa, na John anatafuta mtu wa kuchangia naye kodi ya nyumba. Basi hakuinunua, amepewa. Ina mikwaruzo mingi, imekuwa ikikaa mfuko mmoja na funguo na sarafu, na John si mtu wa kukitupatupa hivyo kitu chake pekee cha thamani. Basi ilikuwa ya mwingine. Nyuma imechongwa maneno: kwa Harry Watson kutoka kwa Clara, na alama tatu za busu. Harry ni ndugu, Clara ni mkewe. Simu ni toleo la miezi sita tu iliyopita, naye ameshaitoa, ndoa imevunjika. Na ukingoni mwa tundu la chaji kuna mikwaruzo midogo midogo. Kila usiku anaichomeka huku mikono inatetemeka. Harry ni mlevi. Simu ya asiyelewa, anasema Sherlock, huikuti na alama hizo, na ya mlevi haikosi kuwa nazo.

Nilisimamisha picha. Nikarudisha nyuma, nikasikiliza tena, kwa sababu Kiingereza cha mtu yule kinakimbia. Kisha nikairudisha mara ya tatu, na safari hii si kwa ajili ya lugha. Kutwa nzima mimi nimeinama juu ya matundu yale yale, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba ninachokitazama ni kitu cha kutungiwa hadithi.

Lazima niseme habari za mjomba wangu, maana bila yeye nisingeelewa nusu ya yale niliyoyaona.

Mjomba alikuwa fundi saa Tanga, Ngamiani. Kibanda chake kilikuwa na ukubwa wa kabati, na saa za ukutani zilizosubiri wenyewe zilikuwa zikigonga kwa kupishana, kila moja na wakati wake. Likizo za shule nilikuwa nashinda naye. Siku moja aliibandua mfuniko wa nyuma wa saa ya mkono ya zamani, akanipa lensi yake ya jichoni, akaniambia, "Soma, mpwa wangu." Sikuona maandishi. Akaiinamisha saa kidogo kwenye mwanga, na hapo ndani ya mfuniko nikaona namba ndogo sana zilizochorwa kwa ncha ya sindano, safu nne, kila moja na mkono wake. Kila fundi aliyewahi kuifungua saa ile alikuwa ameweka alama na tarehe yake. Mjomba alinionyesha ya tatu, ya rafiki yake aliyekwishafariki. Halafu akachukua sindano akaongeza yake chini.

Ni yeye pia aliyenipa Bwana Msa. Alikuwa na nakala ya Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, kitabu kilichotoka mwaka 1960, kurasa zake zikiwa zimelegea kwa kusomwa. Bwana Msa, mpelelezi wa Unguja, na kiko chake, rafiki yake Najum pembeni akishangaa kwa niaba yetu sote. Aliyewasoma Bwana Msa na Sherlock Holmes ataona undugu wao mara moja. Kwa hiyo mpelelezi yule wa London alikuwa keshahamia Unguja miaka mingi kabla hajapewa simu ya mkononi, na aliyemhamisha alijua kazi yake: hakuleta ukungu wa London, alileta namna ya kutazama, akaikuta Unguja ina vya kutazamwa tele.

Baada ya kuona tamthilia nilitafuta kitabu ilikotoka sehemu ile. Nilikisoma polepole, kamusi mkononi. Arthur Conan Doyle, daktari aliyefundishwa Edinburgh na Joseph Bell, mwalimu aliyekuwa akimtazama mgonjwa akataja kazi yake kabla hajaulizwa, alimtoa Holmes mara ya kwanza 1887. Habari ya simu imetoka kwenye hadithi ya pili, The Sign of the Four, ya 1890. Mle hamna simu, kuna saa ya mfukoni. Watson anampa Holmes saa aliyoirithi, aone kama ataweza kumjua aliyekuwa nayo. Holmes anaifungua, anaichungulia kwa lensi. Ndani ya mfuniko anakuta namba nne zilizochorwa kwa ncha ya pini, kama walivyokuwa wakifanya wenye maduka ya rehani Uingereza kila saa ilipowekwa. Mwenyewe aliiweka rehani mara nne, maana yake alifilisika mara kwa mara, na kila mara alipata pesa akaikomboa. Na kuzunguka tundu la ufunguo kuna maelfu ya mikwaruzo. Mlevi, anasema Holmes, anaitia saa yake ufunguo usiku, na mkono usiotulia unaacha alama.

Niliposoma tundu la ufunguo nilikiweka kitabu chini. Sisi hata leo tunasema kutia saa ufunguo. Mjomba alikuwa akinituma, "Hebu itie ufunguo ile," na ile ilikuwa saa ya mkono yenye kitufe cha kuzungusha pembeni, haina ufunguo wowote. Saa za ukutani zilikuwa nao, hizi hazikuwa nao, lakini neno lilibaki. Kumbe zamani hata saa ya mfukoni ilikuwa na kiufunguo chake, na ufundi ulipobadilika, kikatupwa. Mikwaruzo aliyoisoma Holmes 1890 isingeweza kuonekana tena kwenye saa za mkono za mjomba wangu.

Hapo nikawaelewa Steven Moffat na Mark Gatiss, waliotunga tamthilia ile. Wangeweza kumpa John saa ya urithi, watazamaji wakafurahia mambo ya kale, kama walivyofurahia toleo la Jeremy Brett la 1984 hadi 1994, lililobaki kwenye magari ya farasi na taa za gesi, nalo ni zuri sana. Wao waliuliza swali la fundi: kile kifaa kilikuwa kinafanya kazi gani mle ndani, na leo kazi hiyo inafanywa na nini? Kitu cha thamani, cha binafsi, kinachoshikwa kila usiku kabla ya kulala, chenye tundu dogo la kulenga. Kwa 2010 jibu lilikuwa moja tu.

Mambo ya namna hiyo yamejaa kwenye kipindi kile cha kwanza. Watson wa 1887 alirudi kutoka vitani Afghanistan akiwa na jeraha, na Watson wa 2010 naye karudi kutoka Afghanistan. Hawakulazimika hata kubadilisha nchi. Katika kile kitabu cha 1887, ukutani kumeandikwa neno RACHE kwa damu, mpelelezi wa polisi Lestrade anadhani marehemu alitaka kuandika jina Rachel, Holmes anamsahihisha kwamba ni Kijerumani, maana yake kisasi. Kwenye televisheni mtaalamu wa polisi ndiye anayesema ni Kijerumani, na Sherlock anamfungia mlango: mwanamke yule alikuwa anaandika Rachel. Aliyekisoma kitabu anajiona anajua, halafu anapokonywa. Na ujumbe wa simu haukuonyeshwa kwa kukaribia kioo; maneno yalielea hewani kando ya watu. Kwenye mkutano wa polisi na waandishi, simu za ukumbi mzima zinalia kwa pamoja na neno moja linajaa chumbani, la kuwaambia kwamba wamekosea. Mimi niliyezoea kuiona simu kama bodi na betri nilifurahi kuiona ikipewa sauti.

Kati ya 2010 na Januari 2017 vilitoka vipindi 13 tu, kila kimoja kama dakika tisini. Nilivitazama vyote. Sherlock aliporuka kutoka paa la St Bartholomew's, mwezi Januari 2012 kwa wenzetu, mimi nilikuwa na bahati ya kuchelewa. Flashi yangu ilikuja na sizoni mbili pamoja, nikasubiri tu ya tatu ya 2014. Sizoni ya nne sikuipenda, na sababu yangu ni ya mtu wa mezani. Mteja alipotea. Zamani mtu alipanda ngazi za 221B Baker Street, nyumbani kwa Sherlock, akiwa na shida yake, ndogo au kubwa, na sisi tukaingia London kwa mlango wa shida hiyo. Mwishoni ikawa kila kitu ni Sherlock, ukoo wake, dada aliyefichwa gerezani kisiwani, mitego ya kumpima yeye. Hadithi ya mpelelezi asiyehitaji mteja inaanza kujila yenyewe.

Lakini ile ya kwanza niliirudia mwaka huo huo wa 2017, usiku wa Jumapili, na Jumatatu nikafungua fremu nikiwa bado naisikia sauti yake.

Alikuja mama mmoja, umri wa makamo, mtandio wa zambarau, na simu ya kawaida ya Android iliyokuwa haiingizi chaji. Palikuwa na wateja wengine wawili na kijana anayejifunza kwangu. Niliigeuza simu chini ya taa. Sijawahi kuona tundu kama lile. Lilikuwa la chaja ya maikro, ambayo ina juu na chini, na ukikosea upande inagoma. Bati lilikuwa limekwaruzwa mpaka rangi ya kava la simu imeliwa pande mbili, na ule ulimi mdogo wa katikati unaobeba pini ulikuwa umepinda kabisa. Nilijua la kusema. Nilikuwa nimelisikia jana yake.

"Mama, mwenye simu hii anakunywa," nikasema, na kwa sauti ya kusikika. "Usiku mikono inatetemeka, analenga tundu analikosa."

Kijana wangu aliniangalia kwa mshangao, kama John ndani ya teksi. Mama hakusema kitu. Aliukunja mtandio wake, akaukunjua.

"Ni ya baba yangu," akasema. "Baba yangu pombe hajawahi kuionja. Mikono inamtetemeka mwaka wa tatu huu, daktari kasema ni Parkinson. Hataki tumchomekee simu. Anasema hajawa mtoto."

Wale wateja wawili waligeuza nyuso barabarani. Nilimwomba radhi, akasema haina neno, kwa namna ambayo watu husema haina neno wakati lipo.

Nimeifikiria siku ile mara nyingi, na kila ninapoifikiria naona kwamba jicho halikukosea. Mikono inatetemeka: kweli. Usiku, peke yake: kweli. Bati liliniambia hayo, na bati halikusema zaidi. Ulevi niliuongeza mimi. Na miaka yote hiyo ya kutengeneza simu ilikuwa imeshanifundisha, kama ningejiuliza, kwamba alama zile si za walevi. Dereva wa bajaji anachaji akiwa barabarani, gurudumu linaingia shimoni wakati ncha iko mlangoni. Mama mwenye mtoto mchanga anachomeka gizani asimwamshe. Umeme umekatika, mtu anapapasa betri ya akiba. Nimeona simu za wote hawa. Maneno ya Sherlock kwamba simu ya asiyelewa haikutwi na alama hizo ni mazuri masikioni, na si kweli.

Kilichonishangaza ni kwamba watunzi wenyewe walijua. Teksi inaposimama John anamwambia Sherlock kwamba yote ni sawa, ila moja: Harry ni kifupi cha Harriet. Si kaka, ni dada. Sherlock anakasirika kwamba siku zote kuna kitu kinachomponyoka. Nilikuwa nimeiona sehemu hiyo mara sita au saba na kila mara niliicheka nikapita. Nilikariri ushindi, kosa nikaliacha.

Nikarudi kitabuni. Kule, Holmes anapomaliza kusoma saa, Watson hashangilii. Anainuka kitini, anachechemea chumbani kwa uchungu, anamshutumu Holmes kwamba amekwenda kuchimba habari za kaka yake. Maana aliyekuwa na saa amekufa, na pombe ndiyo iliyommaliza. Na Holmes anaomba radhi. Anasema alilitazama jambo kama fumbo tu, akasahau kwamba kwa mwenzake lingeweza kuwa kitu cha karibu na cha kuumiza. Televisheni ilimwacha Harry hai, ikamfanya John aseme kwamba ni ajabu, Sherlock akaduwaa kwa sababu watu huwa wanamtukana. Naona walichokitaka. Urafiki wa wawili wale unaanzia pale pale, kwenye sifa ile ambayo Sherlock hakuizoea, na bila hiyo hakuna tamthilia. Lakini uchungu wa Watson walilazimika kuuacha, na Harriet mwenyewe, katika vipindi vyote 13, hatumwoni hata mara moja. Ulevi wake ulibaki kuwa mikwaruzo tu.

Mwaka huo ndipo nilipokubali kutazama Elementary. Nilikuwa nimeikataa miaka kadhaa. Ni tamthilia ya televisheni ya CBS ya Marekani, ilianza Septemba 2012, Sherlock yuko New York na Watson ni mwanamke, Joan, anayeigizwa na Lucy Liu. Niliona wamemharibu. Jonny Lee Miller nilimdharau kabla sijamsikia akisema neno, wakati yeye na Cumberbatch walikuwa wamepokezana nafasi katika mchezo mmoja wa jukwaani London mwaka 2011, usiku huu mmoja ni Frankenstein na mwingine ni kiumbe wake, usiku wa pili wanabadilishana, wakapewa tuzo ya Olivier kwa pamoja. Nawashauri wanaoipenda Sherlock wasifanye kama nilivyofanya mimi.

Kwenye Elementary, mraibu ni Sherlock mwenyewe. Ametoka kituo cha kuachishwa heroini, na baba yake amemwajiri Joan, aliyekuwa daktari wa upasuaji akampoteza mgonjwa akaacha kazi, akae naye wiki sita asirudie. Hapo ndipo nilipokaa sawa kitini. Uraibu haupo kwenye ukingo wa tundu la simu ya mtu asiyeonekana. Umo ndani ya nyumba, unakula mezani. Kuna mikutano ya kwenda hata siku asiyotaka. Kuna Alfredo, mwenzake aliyemtangulia kuacha, wa kumpigia simu usiku. Kuna kuanguka baada ya siku nyingi za kusimama, na aibu ya kuhesabu upya. Tamthilia ilikuwa na nafasi ya kufanya hivyo: vipindi 154, sizoni saba, mpaka Agosti 2019. Visa vingine vyepesi, nimevisahau. Lakini urefu ule ndio uliompa Joan muda wa kujifunza kazi mpaka akawa mpelelezi kamili, mwenye wateja wake, na sikumbuki toleo jingine ambalo Watson amepewa haki hiyo.

Kipindi cha kwanza kabisa kina jambo dogo ninalolipenda. Sherlock anamtajia Joan siri ya baba wa Joan mwenyewe, kwamba alikuwa na mwanamke wa nje. Joan anamuuliza baadaye aliijuaje. Hakuitoa kwenye kiatu wala kwenye ukucha. Aliitafuta Google. Si kila kitu, anamwambia, kinaweza kupatikana kwa kuangalia dalili.

Siku hizi mteja akileta simu namuuliza, "Huwa inachajiwa wapi?" Majibu ninayoyapata ni marefu kuliko swali. Kijana wangu, ambaye sasa ana meza yake, anauliza hivyo hivyo.

Na ile dalili yenyewe inakufa. Chaja ya Taipu C haina juu wala chini, inaingia vyovyote. Hata iPhone ilihamia huko 2023, na tangu mwisho wa 2024 Umoja wa Ulaya umeilazimisha kwa simu mpya zote zinazouzwa kwao. Simu za bei zinachaji kwa kulazwa tu juu ya kisahani. Atakayemleta Sherlock tena miaka ijayo hatakuwa na tundu la kusoma, kama Moffat na Gatiss walivyokosa tundu la ufunguo. Mimi ningemwambia afungue kava. Chini ya kava la simu, mahali ambapo zamani palikuwa mfuniko wa saa, watu wanaweka noti ya elfu iliyokunjwa mara nne, picha ya pasipoti ya mtoto, risiti ya basi, karatasi yenye namba ya mtu ambaye hawataki aonekane kwenye simu. Navirudisha vilivyokuwa, sivigeuzi.

Simu ya yule mzee niliibadilishia tundu siku ile ile, nikakataa hela. Kisha nikakumbuka chaja za sumaku zilizokuwa zimeanza kuingia Kariakoo. Ina kichwa kidogo kama punje ya mchele, unakichomeka kwenye tundu mara moja kinabaki humo, na waya ukiufikisha karibu unajidaka wenyewe, hata mkono uwe unakwenda wapi. Nilimfungia mama na kichwa kimoja cha akiba kwenye kikaratasi.

Alirudi mwaka 2019 mwishoni, simu ile ile, kioo kimepasuka. Niliigeuza. Kichwa cha sumaku kilikuwa mahali pake, kimefifia rangi, na bati nililoliweka mimi lilikuwa safi. Nilipovua kava kikaanguka kile kikaratasi, kimekunjwa upya na kuzungushiwa uzi, na juu yake mtu alikuwa ameandika kwa kalamu, herufi kubwa zilizopanda na kushuka: SUMAKU.

"Mzee hajambo?" nikamuuliza.

"Hajambo kidogo. Kutembea sasa ni shida." Alikuwa anaangalia ninavyokirudisha kikaratasi chini ya kava. "Lakini simu anachaji mwenyewe."